Methani gramu 8 ikiungua inatoa CO2 gramu ngapi? Ticha kanikosesha

Korosho_Mbichi:
Wakuu za jioni, niko kidato cha tatu hapa Mtwara. Swali linasema methani gramu 8 imeungua yote, tafuta uzito wa kaboni dayoksaidi na maji. Nikabalansi fresh tu, CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O, sasa kama methani 1 inatoa CO2 1 si gramu 8 zitoe 8, na maji 16? Ticha kanikosesha zote na kengele ikalia hapohapo.

Babu_Mikindani:
Mjukuu wangu kubalansi umepatia, ila zile namba za mbele zinahesabu moli, yaani mafungu ya chembe yenye idadi sawa, hazihesabu gramu. Baiskeli moja inataka matairi mawili, lakini huwezi kusema kilo ya baiskeli inataka kilo mbili za matairi. Moli moja ya methani ni gramu 12 za kaboni + 4 za haidrojeni = 16, kwa hiyo gramu 8 ni moli 0.5. CO2 nayo moli 0.5, zidisha kwa 44 (kaboni 12 + oksijeni 32) ni gramu 22. Maji mara mbili yake, moli 1, gramu 18. Oksijeni moli 1 ni gramu 32, jumlisha na 8 ni 40, na huku 22 + 18 ni 40. Tatizo hata yako inajumlika, 8 + 16 pande zote, ndo maana imekudanganya. Ijaribu kwa propani uone, C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O, kushoto 6 kulia 7, inagoma.

Mama_Lishe_Lindi:
Eti babu, mie nikiteleka sufuria la maji baridi kwenye gesi chini linatoa jasho, nishatupa sufuria zima nikijua linavuja 😂 ndo hayo maji?

Babu_Mikindani:
Ndo hayo mwanangu, mvuke ukigusa ubaridi unarudi maji, sufuria likishapata moto yanakauka. Kwenye mkaa huyaoni sana maana mkaa karibu wote ni kaboni, haidrojeni kidogo mno.

Kijana_wa_Msimbati:
Gesi yetu hiyo wanangu 💪

Babu_Mikindani:
Ya mtungi siyo ya visima vya Msimbati we, ya mtungi ni propani na butani. Ya kwetu methani, inapita kwenye bomba kwenda Dar.

Korosho_Mbichi:
Babu nimejipa propani gramu 11, moli 0.25, CO2 gramu 33, maji 18. Oksijeni 40. Pande zote 51!

Babu_Mikindani:
Haya kamuoneshe ticha.