Mjadala: Mpanga maua na mpuliza dawa, walipwe sawa?

Mama Tengeru: Wadau wa Arusha, hodi. Kuna shamba la maua upande wa Usa River, jina naliacha. Pakihausi, yaani banda la kupanga na kufungasha maua, ni akina mama watupu, kupuliza dawa ni wanaume watupu, na mpuliza dawa yuko daraja la juu la mshahara. Ukiuliza unaambiwa kazi ni tofauti. Sasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, haikuishia kwenye kazi ileile. Inamtaka mwajiri ahakikishe mwanamke na mwanamume wanalipwa sawa kwa kazi yenye *thamani* sawa. Binti anasimama kutwa, anapima urefu wa shina la waridi, miiba inapenya glovu, na akichanganya madaraja ya maua mnunuzi anakataa mzigo. Huo si ujuzi?

Mpare wa Njiro: Dada, taratibu. Sumu ni sumu. Anayebeba bomba mgongoni kwenye banda la nailoni, joto lile, analipwa kwa hatari. Akina mama nao wabebe bomba tuone.

Mama Tengeru: Wapewe basi, kaka yangu! Tangazo la kazi liliandikwa "vijana wa kiume".

Mpare wa Njiro: Sheria hiyohiyo inakataza mjamzito kufanya kazi ya hatari.

Mama Tengeru: Mjamzito na anayenyonyesha. Mama wa miaka hamsini umemweka kundi gani?

Mwenye Duka, Moshi: Mimi nauza vifaa vya ujenzi, nina wafanyakazi wachache. Malipo sawa nakubali. Lakini likizo ya uzazi siku 84, mapacha 100, na mshahara unatembea? Nitaajiri wanaume, yaishe.

Katibu Mstaafu: Mzee mwenzangu, hayo usiyaandike hadharani. Ujauzito umetajwa kwenye orodha ya ubaguzi, na mwombaji kazi naye analindwa. Tena siku hizo 84 ni kwa mzunguko wa miezi 36, si kila mwaka.

Nirudi kwa Mama Tengeru. Hoja yako ni nzuri, ila nimekaa kwenye chama cha wafanyakazi muda mrefu na kesi za namna hii hufa mapema. Watu wanaficha slipu za mshahara kama kadi ya kliniki, halafu wanalalamika kwa kusikia. Leteni slipu mbili, ya pakihausi na ya bombani, pamoja na lile tangazo. Mkishaonyesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Pelekeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, si mwakani.

Mama Tengeru: Slipu ya pakihausi ninayo. Ya bombani nani atatupa?

Mpare wa Njiro: Mdogo wangu anapuliza hapo. Nitamuuliza, ila msimtaje.