Mwalimu wa kiroho anasema uhalisia wako unauumba mwenyewe: lipi la kushika, lipi la kuacha?

Mtafiti_Mpole

Wakuu, salamu kwenu.

Naomba wanaoyajua haya mambo kwa undani wanisaidie. Fundisho ninalopewa na mwalimu wa kiroho ni kwamba hakuna linalokupata ambalo hukuliumba mwenyewe kwa fikra zako. Mazoezi yake ni matatu: kufumba macho robo saa kila usiku na kuliona akilini unalolitaka kana kwamba limeshatimia, kuandika kauli chanya moja mara 33 kila asubuhi, na kukaa mbali na yeyote anayezungumzia shida au magonjwa, eti ana mitetemo ya chini.

Zoezi la usiku linatuliza, sikatai. Shida ni maswali. Ukiuliza mbona mtoto mchanga anazaliwa mgonjwa, unajibiwa kwamba swali lenyewe limetoka kwenye fikra za uhaba. Kauli zikigoma, unaambiwa imani haikukaa sawasawa.

Nataka kujua fundisho hili limetoka wapi, lipi ndani yake linafanya kazi na kwa njia gani, na nitajuaje kama mwalimu amevuka mpaka. "Achana nayo" na "amini tu" nimeshazisikia, zinatosha.

Kalamu_ya_Usiku

Mkuu, ndani ya sentensi hiyo moja kuna madai matatu, na walimu wengi huruka kutoka moja hadi jingine bila kukuaga.

Dai la kwanza: matukio tunayaishi kupitia tafsiri tunayoyapa. Hili ni la kale na lina mizizi. Epiktetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika karne ya 1, alifundisha kwamba kinachomvuruga mtu si jambo lenyewe bali hukumu yake juu ya jambo hilo. Huko India, Vasubandhu na wenzake wa Yogacara, mkondo mmoja wa Kibudha, walikwenda mbali zaidi: ulimwengu unaouona umeshapikwa na mazoea ya akili yako kabla hujautambua. Lakini angalia walitaka nini. Wote hawa walifundisha hivyo ili mtu apunguze kung'ang'ania. Mwalimu anayelichukua fundisho lilelile na kukuambia uongeze kutaka, amebaki na maneno tu, dhamira ameigeuza.

Dai la pili: unachokiamini hubadili unachokifanya, na unachokifanya hubadili hali. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza hili mwaka 1948 kwa mfano wa benki. Benki ni nzima, uvumi unaenea kwamba inafilisika, wateja wanakimbilia kutoa fedha, kesho yake imefilisika kweli. Imani iliumba uhalisia, ndiyo, ila iliuumba kwa miguu ya watu waliopanga foleni. Popote dai hili linapofanya kazi, utaweza kuonyesha hiyo foleni iko wapi.

Dai la tatu: fikra hubadili vitu moja kwa moja, pasipo tendo. Hili ndilo jipya. Linatokana na Marekani ya karne ya 19, kwa Phineas Quimby (1802–1866), fundi saa wa Maine aliyegeuka mponyaji na kushikilia kwamba ugonjwa ni imani potofu. Kutoka kwake ikazaliwa harakati ya Fikra Mpya. Mwanzoni habari ilikuwa afya. Utajiri uliingizwa baadaye. Zoezi lako la usiku, la kuhisi kwamba jambo limeshatimia ukiwa unaelekea usingizini, linafanana sana na alilofundisha Neville Goddard, mwalimu wa mkondo huo, mzaliwa wa Barbados wa mwaka 1905.

Akikutajia fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, mvumilie. Katika fizikia hiyo kupima huathiri kinachopimwa, ni kweli, lakini matokeo hayafuati matakwa ya anayepima. Uwezekano unabaki uleule hata atamani nini.

Mwenye_Subira

Niongeze kwenye swali la mtoto mchanga, maana watu hudhani mapokeo ya kale yote yanasema "umejitakia".

Katika maandiko ya Kibudha ya Kipali, lugha ya kale ya India, mtu aitwaye Sivaka anamuuliza Buddha kuhusu wale wanaosema kila hisia inayompata mtu, ya raha au ya maumivu, imetokana na matendo yake ya zamani. Buddha anawapinga. Anataja vyanzo vinane: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa, na cha mwisho ndiyo matunda ya matendo. Cha mwisho kati ya vinane! Anasema wanaodai zaidi ya hapo wanakwenda kinyume na kile ambacho watu wote wanakijua.

Kwa hiyo mwalimu akikuambia "hakuna linalokupata ambalo hukuliumba", hana haki ya kukuambia kwamba ndiyo hekima ya kale ya Mashariki.

Hata hivyo nisingeyatupa mafundisho yote. Kukaa kimya kila usiku na kuitazama akili yako ni kazi halali ya kiroho. Tatizo ni kuigeuza ile robo saa kuwa orodha ya maombi ya vitu.

Bi_Hatua

Wamemaliza historia, nami nitabaki kwenye mazoezi yenyewe.

*Taswira ya usiku.* Kuona matokeo peke yake kunapunguza nguvu ya kuyafuata. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza hili tangu miaka ya 1990: waliozama zaidi kwenye njozi tamu za mafanikio ndio waliofanya kidogo zaidi. Akili inaonja ushindi, mwili unalegea. Ule utulivu unaousikia, mkuu, ndio huo hasa. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor waliwapa wanafunzi mazoezi ya taswira kabla ya mtihani: wengine wajione wamepata alama nzuri, wengine wajione wakisoma, mahali gani na saa ngapi. Waliojiona wakisoma ndio waliosoma zaidi na kufaulu vizuri zaidi.

Kwa hiyo usiliache, lipange upya. Chagua jambo moja linalowezekana ndani ya wiki nne, uliandike kwa maneno machache yasiyozidi sita. Ona matokeo yake bora kwa dakika moja au mbili, kwa kina. Kisha jiulize: ndani yangu mimi, nini hasa kinanizuia? Si mkubwa wa kazi, si hali ya uchumi. Ni hofu, uvivu, tabia fulani. Kione hicho nacho kwa dakika moja au mbili. Malizia kwa sentensi ya "ikiwa… basi…": ikiwa ni saa mbili usiku na mkono unakwenda kwenye simu, basi nitaiweka chumba kingine na kufungua daftari.

Mpangilio huo usiubadilishe. Ukianza na kizuizi ndipo uje kwenye matokeo, zoezi halifanyi kazi vile. Na kama moyoni unaona uwezekano wa kufanikiwa ni mdogo, zoezi litakupunguzia hamu badala ya kuiongeza. Hilo si kosa, ndiyo faida yake: linakuachisha mapema jambo ambalo lingekula muda wako bure.

*Kauli mara 33.* Idadi haina kazi yoyote. Ikifika mara ya kumi mkono unaandika na akili iko kwingine. Kibaya zaidi, utafiti wa Joanne Wood na wenzake wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wenye kujithamini kidogo, wakirudia kauli ya kujisifu wasiyoiamini, hujisikia vibaya kuliko wenzao wasioirudia. Ukiandika "mimi ni tajiri", ndani kuna sauti inayojibu "muongo wewe", na kila ukirudia, nayo inajibu. Andika kauli ya kweli yenye tendo ndani yake, mara moja tu: "Leo nitampigia mteja mmoja niliyekuwa namkwepa."

*Tafsiri.* Hapa ndipo dai la kwanza la Kalamu linapolipa. Tumia jedwali la fikra lililotokana na kazi ya daktari wa akili Aaron Beck miaka ya 1960. Chora safu: tukio, fikra, na unaiamini kwa kiasi gani kati ya 0 na 100, hisia na ukali wake, ushahidi unaoiunga mkono, ushahidi unaoipinga, tafsiri nyingine, halafu pima imani upya.

Kosa la kila mtu liko safu ya kwanza. "Amenidharau" si tukio, ni fikra tayari. Tukio ni "nilituma ujumbe saa tatu asubuhi, mpaka saa kumi jioni hajajibu." Jipime hivi: kamera ingelirekodi? Kama hapana, lihamishe safu ya pili. Imani ikishuka kutoka 80 hadi 50 umefanya kazi kubwa, usitafute sifuri. Na ukikuta ushahidi wote unaiunga mkono ile fikra, basi huna fikra ya kurekebisha. Una tatizo la kutatua, funga daftari ukalitatue.

Jicho_la_Tatu_Limefungwa

Nijibu la mpaka.

Fundisho linalosema "likifaulu ni fikra zako, likishindwa ni imani yako haba" halina siku ya kushindwa. Muulize mwalimu kwa adabu kabisa: ni matokeo gani yangekuonyesha kwamba hapa umekosea? Mwalimu mzuri atafikiri kidogo kisha atataja kitu. Mwingine atakuchunguza wewe na nia yako ya kuuliza.

La pili ni dawa. Matarajio yana nguvu halisi kwenye maumivu, kichefuchefu na uchovu, na ndiyo maana tiba kivuli (placebo, kidonge kisicho na dawa ndani) hutumika katika majaribio ya dawa. Hayapunguzi uvimbe wa saratani wala hayachukui nafasi ya insulini. Mwalimu anayegusia kupunguza dozi, ondoka siku hiyohiyo.

La tatu ni ishara za mwili. Oktoba 2009 huko Sedona, Arizona, watu watatu walikufa baada ya kukaa ndani ya hema la mvuke kwenye semina ya aina hii, na mwendeshaji alihukumiwa kifungo mwaka 2011. Washiriki walikuwa wakihimizwa kuupita udhaifu wa mwili. Mahali popote ambapo kizunguzungu au kutapika kunaitwa "upinzani wa nafsi", mlango ni ule.

Fedha nitapita haraka: ada si kosa, ngazi zisizo na mwisho ndizo kosa.

Lakini kwenye orodha yako, kinachonitisha ni zoezi la tatu. Wale unaoambiwa uwakwepe ndio wangekuambia kwamba umebadilika, na wagonjwa ndio wanaohitaji kutembelewa. Mtu akishaamini kila mwenye shida amejitakia, huruma inakauka taratibu bila yeye kujua, kwa kuwa imani hiyo inampunguzia hofu kwamba na yeye yanaweza kumpata.

Mtafiti_Mpole

Nashukuru sana wakuu. Bi Hatua, swali moja: vipi kuhusu ishara? Darasani watu huleta mifano mingi ya mambo yaliyotokea baada ya kuyawaza, na mingine inashangaza kweli.

Bi_Hatua

Inashangaza kwa sababu yasiyotokea hayaletwi darasani. Dawa yake ni daftari lenye tarehe. Kabla ya jambo, andika: nini kitatokea, kufikia siku gani, na nini kitahesabika kuwa hakikutokea. "Nitapata habari njema" haifai, kila wiki ina habari njema. "Kufikia Ijumaa ya tarehe fulani, rafiki yangu atanipigia simu bila mimi kuanza" inafaa. Siku ikifika weka alama ya ndiyo au hapana, na usiruhusu "ilikuja kwa namna nyingine". Hiyo iandike hapana. Mwache mwenzako asiye wa darasa lenu ndiye aweke alama.