Kurekebisha dau kwa makundi ya wateja: kwa mkono, kwa kampeni tofauti, au kuuachia mfumo?

Muuza Magodoro: Habari zenu, wanajukwaa. Ninauza magodoro mtandaoni na kuyapeleka Nairobi na viunga vyake hadi Ruiru na Kitengela. Katika Google Ads, huduma ya matangazo ya Google, nina makundi matatu, yaani waliowahi kununua, waliotembelea tovuti wakaondoka, na wageni kabisa, na wote ninawawekea dau moja, yaani kiasi cha juu ninachokubali kulipa mtu akibofya tangazo, la shilingi 20 kwa mbofyo. Je, niongeze na kupunguza dau kwa asilimia, nitenge kampeni kwa kila kundi, au niuachie mfumo wa kiotomatiki? Bajeti yangu ni ndogo.

Hesabu Kwanza: Kwa bajeti ndogo, kampeni tofauti ningeziweka mwisho, kwani kila moja itapata mibofyo michache mno kukuonyesha lolote. Anza na asilimia, ila makundi mawili ya kwanza yaweke katika hali ya uangalizi, ambapo tangazo huendelea kuonekana na watu wote huku ukibadilisha dau la makundi hayo tu. Ukiyaweka katika hali ya ulengaji, tangazo litaonekana na makundi hayo pekee na wageni utawakosa. Asilimia yenyewe itokane na mauzo: ikiwa kati ya wageni 100 waliobofya hununua 2, na kati ya waliowahi kutembelea hununua 3, nyongeza inayostahili ni asilimia 50. Kumbuka kwamba marekebisho huzidishana, hayajumlishwi. Shilingi 20 zikiongezwa asilimia 50 kwa kundi huwa 30, na ukiongeza asilimia 20 kwa walioko Westlands unafika 36, wala si 34. Waliokwisha kununua ningewapunguzia dau au kuwaondoa kabisa kwa muda, maana aliyenunua godoro mwezi uliopita hatafuti jingine.

Karani wa Takwimu: Nakubaliana na Hesabu Kwanza kwa sharti moja: hesabu hiyo inafaa kwa dau la mkono tu. Ukishawasha dau la kiotomatiki linalolenga gharama fulani kwa kila ununuzi, mfumo hupuuza asilimia ulizoweka kwa makundi, kwa sababu wenyewe tayari hupima hadhira, kifaa, mahali na saa katika kila mnada, yaani kila mara matangazo yanaposhindania nafasi ya kuonyeshwa. Ukitumia mkakati unaofuata thamani ya mauzo, bado unaweza kuweka kanuni za thamani, ambazo huuambia mfumo kwamba ununuzi wa kundi fulani una uzito zaidi.

Muuza Magodoro: Asanteni. Labda ningesema mapema kwamba wateja wangu wengi hubofya tangazo, huniandikia WhatsApp, tunaelewana bei, kisha hulipa kwa M-Pesa godoro likishafika mlangoni. Tovuti haioni malipo hayo.

Karani wa Takwimu: Hilo linabadilisha jibu langu, ndugu. Mfumo ukiona tu kitufe cha WhatsApp kikibonyezwa, utakuletea wapenda kuuliza bei, na utawaleta kwa bidii. Kaa na dau la mkono kwanza. Wakati huohuo, tovuti iandae ujumbe wa kwanza wa WhatsApp wenye namba fupi ya oda, na katika jedwali lako namba hiyo iambatane na msimbo wa mbofyo ambao Google huuongeza mwishoni mwa anwani ya ukurasa. Malipo yakiingia, pakia msimbo huo katika Google Ads pamoja na kiasi kilicholipwa. Google hupokea mauzo yaliyofanyika nje ya tovuti kwa njia hiyo.

Wakili Mtaani: Nyongeza ndogo kuhusu waliowahi kununua. Ukitaka kuunda kundi hilo kwa kupakia namba zao za simu katika Google Ads, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uwe na ridhaa yao ya wazi kwa matumizi ya kibiashara, na kulipia godoro kwa M-Pesa si ridhaa ya kufuatwa na matangazo. Ridhaa iombwe katika fomu ya oda, kwa kisanduku ambacho mteja mwenyewe anakitia alama.

Hesabu Kwanza: Na hata mteja akiridhia, kundi hilo litafaa kwa matangazo ya mito na mashuka. Kwa magodoro, dau lake libaki chini.