Naenda Torino na shangazi: treni kutoka Milano ikoje, na tuongeze Roma na Venezia?

Binti_Kalenga (Iringa)

Kamwene wanajukwaa. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupanda treni Italia akiwa na mtu mzima.

Mwezi wa tano, Mungu akijalia, nampeleka shangazi Torino. Ni muuguzi mstaafu, ameshavuka miaka 70. Kalelewa Tosamaganga mikononi mwa masista wa Consolata: kabatizwa pale, kasoma pale, na kazi kaifanya palepale. Tangu Padri Allamano, mwanzilishi wa shirika lao, atangazwe mtakatifu Oktoba 2024 hana wimbo mwingine, anataka kusali kwenye kaburi lake wakati miguu bado inamtii. Watoto wa kaka zake tumechanga, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumsindikiza.

Tutashukia Milano, uwanja wa Malpensa. Huku Iringa reli hatuna, na treni ya mwisho shangazi kupanda ni TAZARA, alipandia Makambako enzi hizo. Magoti yanamsumbua, ngazi anapanda moja moja kashika ukuta. Tiketi nikate mtandaoni mapema au palepale stesheni? Tupande ya mwendokasi au ya kawaida? Halafu ndugu wananiambia tusirudi bila kuona Roma na Venezia, maana nauli ya ndege ni ileile. Tuna wiki moja tu.

Kijana_wa_Soweto (Mbeya)

Dada, Roma usiiache. Kutoka Torino kwa treni ya mwendokasi ni saa nne na kitu, inafika hadi kilomita 300 kwa saa. Mnatoka asubuhi, mchana mpo Vatican. Mkatoliki afike Italia arudi bila kuiona Basilika ya Mtakatifu Petro? Nafasi hiyo hairudi.

Fundi_Uyole (Mbeya)

Binti_Kalenga, nilisoma chuo kikuu cha Politecnico pale Torino, na mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Tukuyu akiwa na umri kama wa shangazi yako na magoti ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu, vumilia.

Kijana wa Soweto saa kazisema sawasawa, ila mtu mzima hachoshwi na kukaa ndani ya treni. Humo anakaa, anasinzia, anakunywa maji. Kinachomchosha ni stesheni: kutafuta treni inaondokea njia ya ngapi, kusimama chini ya ubao pamoja na watu mia mbili wakati namba haijatoka, ikitoka wote wanakimbia, begi linapandishwa, anashushwa, teksi inatafutwa. Kila mji unaouongeza unamwongezea hayo yote mara mbili. Shangazi ameomba kitu kimoja. Mpe hicho, mpe kwa nafasi, akae Torino hadi aijue mitaa yake. Wiki ni ndogo kuliko inavyoonekana ukiwa Iringa.

Malpensa kuna treni ya uwanja wa ndege inayokwenda hadi Milano Centrale, chini kidogo ya saa moja. Angalia vizuri iandikwe Centrale, kwa sababu nyingine zinaishia stesheni ya Cadorna, upande mwingine wa mji. Centrale ni jengo la mwaka 1931, kubwa mno, na njia za reli ziko juu kuliko barabara. Msipite ngazi. Kuna lifti na kuna sakafu zinazotembea zenyewe zikipanda taratibu. Mama hizo sakafu alizikubali kuliko ngazi za umeme, maana hakuna kidato cha kukufuata mguuni. Kuingia kwenye treni unapita getini na tiketi mkononi.

Milano hadi Torino una njia mbili. Frecciarossa au Italo, hizo ndizo mwendokasi: karibu saa moja, siti yako imeandikwa namba, behewa limeandikwa namba, na bei inapanda kadiri siku inavyokaribia. Hiyo kata mtandaoni mapema, lakini kumbuka tiketi za bei ya chini kabisa zimefungwa kwa treni hiyohiyo, ndege ikichelewa hela imekwenda. Ya pili ni treni ya mkoa, inaitwa Regionale. Inakaribia saa mbili, bei yake haibadiliki hata ukikata dakika kumi kabla, ni yuro kumi na kitu, na siti hazina namba. Kwa siku ya kushuka kwenye ndege mimi ningechukua hii ya mkoa. Ikikupita, kwa kawaida ndani ya saa moja inakuja nyingine.

Sharti lake ni moja na ni kali. Tiketi ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye kimashine kidogo kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo KABLA ya kupanda. Ukikata kwa simu, kuna sehemu ya kubonyeza kuthibitisha kwamba unaanza safari. Usipofanya hivyo kondakta anakuhesabu kama huna tiketi, na faini inazidi nauli kwa mbali. Saa za kwenye tiketi ni za kizungu, 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Neno la kulitafuta kwenye ubao ni *binario*, ndiyo njia ambayo treni yako inasimama.

Mkipanda hiyo ya mkoa, mkalishe dirishani. Ukishapita Novara unaingia Vercelli, na Vercelli ni mpunga mtupu, majaruba hadi macho yanachoka, na kwa mwezi huo wa tano maji yamejaa hadi kingo. Mama alikuwa amefumba macho. Akafumbua, akasogea kioo hadi paji la uso likakigusa, akaniuliza kwa Kinyakyusa wapandaji wako wapi. Alikuwa anatafuta watu. Jaruba baada ya jaruba hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeinama, trekta moja tu lenye magurudumu ya chuma na ndege weupe nyuma yake, na kwa mbali milima ya Alps ina theluji. Mama amelima Kyela ujana wake wote. Akanyamaza hadi Santhià, kisha akaanza kunisimulia habari za marehemu bibi na vibarua wa palizi, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia hata siku moja. Tulipofika Porta Susa, stesheni ya Torino, hakutaka kushuka. Ukipanda mwendokasi unayapita hayo yote kwa kasi ambayo mtu mzima hawezi kuyashika.

Torino yenyewe inafaa kwa magoti. Katikati ya mji ni tambarare, mitaa imenyooka tangu enzi za Warumi, na kuna baraza zilizoezekwa kandokando ya barabara, jumla karibu kilomita 18. Mvua ikinyesha unatembea mkavu. Via Po, kutoka Piazza Castello kwenda mtoni, upande mmoja baraza zinavuka hadi vichochoro bila kukatika. Wenyeji wanasema zilijengwa hivyo ili mfalme asilowe. Maji ya kunywa ni bure, kuna mabomba ya chuma ya kijani yenye kichwa cha fahali, yanatiririka mchana na usiku. Chupa moja inawatosha.

Jambo la Sanda Takatifu, kitambaa kinachoaminiwa kilimfunika Yesu kaburini, mwambie shangazi mapema, ukiwa bado Iringa. Iko kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, lakini haionyeshwi kila siku. Mara ya mwisho watu wote kufunguliwa kuiangalia ilikuwa 2015. Mtakachokiona ni sanduku lilimohifadhiwa, na watu wamepiga magoti mbele yake. Ni mahali pazuri pa kusali, ila mtu aliyesafiri akitegemea kuuona uso anaumia sana.

Chakula: migahawa mingi inafunga baada ya mlo wa mchana, haifungui tena hadi saa moja, moja na nusu usiku. Mtu mwenye dawa za kunywa na chakula hawezi kusubiri hivyo, beba kitu kwenye mkoba. Akichoka na tambi, ulizia polenta. Ni unga wa mahindi, mara nyingi wa njano, laini kuliko ugali wetu, na Piemonte, mkoa wenyewe wa Torino, wanaula na nyama ya mchuzi. Mama alimaliza sahani akaagiza nyingine.

Binti_Kalenga (Iringa)

Kaka, shikamoo na asante sana. Nimemsomea shangazi habari za mpunga, anasema hiyohiyo ya mkoa. Nina mawili. Kwanza, vidato vya kupandia kwenye behewa, nani atanisaidia nikiwa na mabegi mawili na yeye? Pili, kaburi liko ndani ya Santuario ya Consolata, lile kanisa la hija, au?

Nesi_Ipogolo (Iringa)

Naingilia kidogo upande wa viza, maana wengi wanaanza na tiketi za treni wakati karatasi hazijakaa sawa. Mnahitaji ya Schengen, ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000 za matibabu, na kwa umri wa shangazi uliza kabisa kama bima hiyo inabeba ugonjwa alio nao tayari. Dawa zake zikae kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari, zisiende kwenye mizigo.

Fundi_Uyole (Mbeya)

Marahaba dada. La mabehewa: kwenye stesheni kubwa, Milano Centrale na za Torino zikiwemo, kuna ofisi inaitwa Sala Blu. Kazi yao ni kusaidia wenye shida ya kutembea, na wazee wamo. Wana kiti cha magurudumu, wana kilifti cha kumpandisha hadi mlangoni, na mnakoshuka mwenzao anakuwa anawasubiri. Ni bure kabisa. Unaomba mapema, siku moja kabla ndiyo salama zaidi, kwa simu au mtandaoni. Usione aibu kuomba, hata Waitaliano wenyewe wanawaombea mama zao.

Na kabla ya siku ya safari tafuta kama kuna *sciopero*, yaani mgomo. Huwa unatangazwa mapema. Siku za kazi treni za mkoa zinalazimika kutoa huduma saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, kwa hiyo unajipanga humo.

La kaburi umefanya vizuri kuuliza, watu wengi wanakwenda pasipo. Santuario ndipo Allamano alipokuwa mkuu kuanzia 1880 hadi alipofariki 1926, lakini mwili wake uko nyumba kuu ya wamisionari, barabara ya Corso Ferrucci. Aliyelala ndani ya Santuario ni Mtakatifu Yosefu Cafasso, ambaye ni mjomba wake, kaka wa mama yake mzazi. Shangazi wa watu atapenda kujua hilo. Pale Santuario tafuta kuta zilizojaa picha ndogondogo za shukrani, watu wamechora mikasa waliyookoka: mtu kaanguka kwenye ngazi, mtoto mgonjwa kitandani, mkokoteni umepinduka. Mpe muda mrefu hapo, kila picha inasomeka bila kujua Kiitaliano. Mbele ya kanisa kuna kimgahawa cha tangu 1763 wanachouza *bicerin*, kahawa, chokoleti na maziwa mazito kwenye glasi moja. Vimeza ni vichache, wahini asubuhi.

Mimi ningeanza na kaburi, siku ya pili baada ya kupumzika. Wapigie simu nyumba kuu kabla ya kwenda, waambie mnatoka Iringa. Wamisionari hao waliingia Iringa 1919, na padri mwanzilishi mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Ulizia kama yupo padri mzee aliyewahi kufanya kazi huku. Shangazi ataongea naye Kiswahili, labda na Kihehe. Corso Ferrucci si mbali na Porta Susa, lakini kwa magoti hayo chukua teksi.