Tupeane uzoefu: umewahi kumsaidia mfanyabiashara mdogo wa mkoani aanze kutumia simu kwenye biashara? Mlianzia wapi?

Wakuu habari za mchana. Niko Sumbawanga, nazungukia wenye maduka na mama ntilie kuwaonyesha simu inavyoweza kusaidia biashara. Nilichoona, ukianza na habari za apu unaongea peke yako, ukianza na daftari la madeni unasogezewa stuli. Wengi wana vitochi (simu ndogo za batani) so naanza na lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu, ile inaenda kwa menyu ya nyota haitaki bando, na utamu wake ni kwamba hela ya duka haichanganyiki na ya ada na ya msiba. Leteni yenu.

Mdau, Kahama
Mi nilianza na mama mdogo, anauza vitenge sokoni. Status alikuwa anaweka ila picha kitenge kimekunjwa, ndani, giza. Tukaanza kukitundika mlangoni asubuhi na bei inaandikwa palepale, maana hii "bei njoo inbox" inafukuza watu. Saa hizi wa Shinyanga wanatuma hela na ya kutolea juu, mzigo unapanda basi. Shida wakopaji nao wamehamia huko huko 😂

Mdau, Tandahimba
Msisahau makato jamani. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 huku watu walirudi kwenye kesh fasta, na hata baada ya kupunguzwa imani haikurudi yote. Mzee wa korosho ukimwambia lipa namba swali lake la kwanza ni nani anakatwa, mimi au wewe? Mjibu hilo kwanza ndo utoe simu mfukoni.

Mdau, Ludewa
Nina duka la pembejeo. Mteja akikuonyesha meseji ya malipo kwenye simu YAKE hiyo sio hela, hizo meseji zinatengenezwa. Binti wa dukani anaangalia simu ya duka, salio likisoma ndo mfuko wa mbolea unatoka. Mtandao ukigoma mteja anakaa benchi tunapiga stori mpaka iingie, wengine wananuna lakini wanarudi tu.

Mleta mada
Wa Kahama hiyo ya bei kwenye picha naichukua, Jumamosi nina wauza dagaa. Sasa mliohamisha daftari la madeni kwenye simu mnatumia nini? Excel kwenye simu ndogo inawatoa jasho hawa mama zetu