Mrejesho: shamba la zabibu za mvinyo Dodoma, nimeacha jembe

Wakuu habari zenu, mtakumbuka niliuliza kuhusu shamba langu la zabibu aina ya Makutupora nyekundu huku Dodoma, udongo umekuwa mgumu hadi maji ya dripu (mipira ya kumwagilia kwa matone) yanatuama juu, mkaniambia niache kulima katikati ya mistari, nipande kunde na fiwi halafu niweke matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo. Basi nimefanya na aisee nimefurahi sana. Kunde nilizifyeka zilipoanza kutoa maua nikazilaza chini ya mizabibu, matawi ya kupogoa nayakatakata naacha hapo hapo ila yale yenye ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga) natoa nje kabisa. Sasa hivi ukifunua matandazo mchana wa jua kali unakuta udongo mweusi, una unyevu, unashikika kwa vidole, na minyoo ipo! Namwagilia kwa kuachia siku nyingi kuliko zamani.

Changamoto ni mchwa, majani makavu wanayamaliza haraka mno. Samadi naweka iliyooza vizuri tu.

Zabibu zenyewe bado sijavuna, nasubiri mavuno ya kiangazi maana ndo huwa na sukari nzuri kwa mvinyo, mvua haizisumbui. Kuna aliyewahi kuingiza kondoo shambani wale majani baada ya kuvuna? Hawagusi magome ya mizabibu?