Mjadala: Nyumba ipimwe radoni (gesi yenye mionzi inayotoka kwenye udongo na mawe) kabla ya kuzibwa, au baada?

Tofali: Wakuu, Uswidi mafuta yalipopanda bei baada ya 1973, watu waliziba matundu ya hewa na kingo za madirisha ili joto lisipotee. Nyumba nyingi zilikuwa na kuta za zege la buluu, lile la mwamba wenye urani, lililopigwa marufuku 1929. Ukipunguza hewa inayobadilishwa kwa nusu, radoni ya ukutani inakaribia maradufu. Ilipaswa kupimwa kwanza.

Bomba110: Ipimwe kabla na baada. Ila fundi anayepaka silikoni kwenye ufa wa sakafu akaondoka ni mvivu.

Mwashi: Mvivu nani? Usipoziba panapopita mabomba ya maji, feni yako ya kunyonya gesi chini ya sakafu itavuta hewa ya sebuleni, si ya udongoni.

Bomba110: Sawa, lakini ufa mmoja ukibaki gesi inapita huohuo. Toboa sakafu, chota udongo ndoo mbili, shusha bomba la milimita 110, feni ikae darini, mdomo utokee juu ya paa. Ukiutoa chini ya dirisha, gesi inarudi ndani. Chini kukiwa na mfinyanzi badala ya kokoto, mvuto haufiki pembeni, ongeza shimo.

Kipimo: 1929 ndipo zege hilo lilipoanza kutengenezwa, lilikoma 1975. Na shimo la sakafuni haliigusi radoni ya ukutani. Hapo badilisha hewa, nusu ya ujazo wa nyumba kila saa. Msifunge feni ya kutoa peke yake kwenye nyumba iliyozibwa: kanieneo ya ndani inashuka, gesi ya udongoni inavutwa juu. Inatakiwa mashine ya kuingiza na kutoa, inayorudisha joto.

Mwashi: Chujio la kuingizia likijaa vumbi, mashine hiyo inabaki kutoa tu. Mwenye nyumba nani amemwambia?

Tofali: Asante kwa kunisahihisha miaka. Na kupima?

Kipimo: Vigunduzi viwili, sebuleni na chumba cha kulala, vikae si chini ya miezi miwili kati ya Oktoba na Aprili. Kiwango cha Uswidi ni bekereli (kizio cha mionzi) 200 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 100. Upimaji wa siku mbili hautoshi, radoni hupanda na kushuka na hali ya hewa.

Mwashi: Bomba110, futa neno "mvivu". Ufa unaocheza unapanuliwa, unapulizwa vumbi, unajazwa kamba ya povu, ndipo silikoni ishike kingo mbili tu. Ikishika na chini, inachanika.